Tango la Kibarazani

"Limetoka! Mke wangu, limetoka!"

Msusi aliibana simu kati ya sikio na bega. Vidole vyake vilikuwa kichwani kwa mteja, vimeshika mafungu matatu ya nywele.

"Nini kimetoka, Kapteni?"

"Tango! Refu, limenyooka, linaning'inia hapa kibarazani kama limeshushwa na malaika. Nimetoka na magongo yangu, hakuna aliyenishika. Unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Hongera."

"Silikati mpaka urudi. Na dada nimemwita aje ashuhudie."

Simu ikakatika. Mteja akageuza shingo.

"Shoga, mbona unanivuta hivyo? Hiyo ni ngozi, siyo mkeka."

"Nisamehe."

Lakini aliyekuwa akimwomba msamaha hakuwa mteja. Lile tango alilinunua sokoni jana yake, na alfajiri, mumewe akiwa bado anakoroma, akalifunga kwenye mmea kwa uzi wa kusukia.

Kapteni alikuwa dereva wa lori. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa namna alivyokaa nyuma ya usukani, kifua mbele. Tangu avunjike mguu, alishinda kitandani akiutazama ukuta. Msusi ndiye aliyemletea pakiti ya mbegu za matango, apate cha kumwamsha. Mbegu zikaota, mimea ikapanda kamba, maua ya manjano yakajaa kibaraza kizima. Kisha yakaanguka. Yakachanua mengine, nayo yakaanguka. Jioni moja Msusi alirudi miguu imevimba kwa kusimama, akakuta vyombo vimelala kama alivyoviacha, na neno likamponyoka:

"Hata tango tu limekushinda?"

Kapteni alirudi kitandani akageukia ukuta, na magongo yakaanza kushika vumbi.

Neno hilo ndilo lililomtafuna Msusi mpaka akaenda sokoni.

Jioni alimkuta wifi yake ameshajipatia kiti kizuri, kama mgeni rasmi.

"Wifi, njoo umwone kaka yangu mkulima! Leo kwake kiti hakikaliki."

Kweli, Kapteni alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la safari. Wifi akaiokota pakiti tupu ya mbegu iliyochomekwa kwenye udongo.

"Lakini kaka, hapa kwenye picha matango ni mafupi, yana vinundu. Hili lako mbona laini, kama limepakwa mafuta?"

"Matunzo, dada. Matunzo."

"Mimi nimetunzwa miaka yote na bado sijarefuka."

Wakacheka. Msusi alicheka kwa meno tu.

Kapteni akashika kisu, akapeleka mkono wa kushoto kwenye kikonyo cha tango. Mkono ukasimama. Msusi aliona vidole vikipapasa, kisha vikatulia mahali pamoja. Sasa ananiumbua mbele ya dada yake, alijisemea, na ni haki yangu.

"Vipi, linang'ata?" wifi akauliza.

"Hapana. Kisu butu."

Akakata, akafumba kiganja. Walilila tango kwa chumvi, wifi akasifia mpaka akachoka, akaaga na kuondoka.

Ndipo Kapteni alipofumbua kiganja. Uzi mweusi, na fundo lake.

"Fundo hili nalijua. Ndilo unalomalizia misuko yako. Nimelala pembeni ya mafundo haya tangu tuoane."

"Kapteni..."

"Nimempigia dada yangu simu. Nimewapigia madereva wenzangu. Leo nilijiona mtu." Sauti yake haikupanda, ingepanda ingekuwa nafuu. "Umenifanya mtoto anayeachiwa ashinde mchezo."

"Nilikuambia neno baya. Nilitaka kulifuta."

"Hukulifuta. Umelifunga kwa uzi."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Msusi alilala sebuleni. Kulipokucha akamwandikia muuza mbegu:

"Kaka, yale matango yanatoa maua tu. Tunakosea wapi?"

"Mmeyapanda wapi, dada?"

"Kwenye ndoo, kibarazani. Pana wavu wa mbu pande zote."

"Sasa nyuki wapite wapi? Nilikushauri uchukue aina ya wanaoanza, inayozaa bila nyuki. Ukasema unataka hii kwa sababu picha yake imekupendeza."

Msusi alikaa chini, simu mapajani. Alikumbuka duka, alikumbuka hata mkono wake ukiisukuma ile pakiti nyingine pembeni. Kisha akainuka, akasimama mlangoni mwa chumba na kumsomea mumewe ujumbe wote, pamoja na sentensi ya mwisho ambayo angeweza kuiruka.

Sauti ya Kapteni ikatoka ndani:

"Isome tena hiyo ya picha."

Akaisoma tena.

"Kwa hiyo halikunishinda."

"Halikukushinda. Mbegu nilichagua mimi, wavu niliufunga mimi, na lawama nikakutupia wewe. Nisamehe, mume wangu. Kwa uzi, na kwa lile neno."

Magongo yakagonga sakafu. Mlango ukafunguka. Macho ya Kapteni yalikuwa mekundu.

"Na kama nyuki hawaingii, tunafanyaje?"

"Nimemuuliza, anasema tuchukue unga wa ua dume kwa brashi, tuupake ua jike. Ua jike lina kitango kidogo nyuma yake."

"Yaani tuwe washenga?"

"Washenga wa matango."

Kapteni alijikaza asicheke, akashindwa.

"Lete brashi. Ila sijamaliza kukasirika."

"Kasirika tu. Mimi nitashika ua."

Akaleta brashi yake ya nyusi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla Msusi hajaenda saluni, walisimama kibarazani bega kwa bega, wakipeleka posa kutoka ua moja hadi jingine, wakiongea kidogo kidogo, kama watu wanaojifunza upya.

Simu ililia saluni mchana mmoja wenye wateja wengi.

"Limetoka." Sauti ilikuwa tulivu. "Fupi, limepinda, lina vinundu kama uso wa kijana anayebalehe. Dada sijamwita. Njoo peke yako, ukague kama lina fundo."

Alifika nyumbani kitana bado kimechomekwa kichwani. Akapiga magoti mbele ya ndoo, akashika kikonyo. Kilikuwa kibichi, chenye vinyweleo, kikamchoma kidole.

"Umeona fundo?"

"Sijaona."

"Tafuta vizuri. Mimi sina haraka."

Akaendelea kupapasa, machozi yakimdondokea mikononi, na Kapteni amesimama kando yake kwa gongo moja.