Maziwa Aliyoyakataa Galgalo

"Sitaki maziwa. Nipe chai ya rangi," Galgalo alisema, akakisukuma kibuyu kando.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya tatu. Kaltuma, mkewe, alikichukua kibuyu chake, lakini roho ilimuuma. Mama yake alimlea akijua kwamba mume akikataa maziwa ya mkono wako, ameshakukataa wewe. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwake yalikuwa yametanda.

Galgalo alipotoka kutazama ng'ombe, simu aliyoiacha mkekani ikalia, ujumbe umeingia.

"Kesho saa mbili asubuhi usikose. Nakusubiri. Priscilla."

Kaltuma hakungoja, akaipiga namba hiyohiyo. Mwanamke akapokea kwa sauti laini, akasema mambo ya Galgalo si yake kuyasema, amuulize mwenyewe. Ule upole ndio uliomchoma zaidi. Akatandika leso chini, akaanza kufunga nguo zake.

Galgalo aliporudi akaukuta mzigo mlangoni.

"Mama Abdia, unaenda wapi?"

"Kwetu Ndera. Priscilla atakukamulia."

Galgalo akaketi taratibu, mkono kiunoni. Mwezi mzima homa ilikuwa ikija na kuondoka, na viungo havimpi raha. Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Priscilla ni nesi, huko Garsen. Nilipimwa damu, majibu si mazuri. Iko ugonjwa wa ng'ombe ndani yangu, unaingia na maziwa mabichi. Kesho naanza sindano, na vidonge wiki sita."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba maziwa yako yamenigonjesha? Ungesema natafuta sababu ya kukuacha."

Kaltuma akaichukua ile karatasi, akaikunjua.

"Utapona?"

"Napona. Daktari amesema nimalize dawa, na maziwa yachemshwe. Basi."

Kaltuma akajiachia juu ya mzigo wake, akacheka huku machozi yakimtoka. Akamwambia kesho wataongozana, na yeye apimwe, maana kibuyu walichonywea ni kimoja.

Kisha akainamisha uso kwa aibu.

"Baba Abdia, nisamehe. Siku zote hizi tatu nilimwomba Mungu uwe mgonjwa tu, usiwe na mwanamke."

Galgalo alicheka mpaka akashika mgongo.

"Basi dua yako imepokelewa."