Taya na Gamba la Sola

Aliyeitwa ni mtoto, lakini kilichoitika kilikuwa sanduku.

"Matilda! Njoo kwa bibi," aliita Benedikta asubuhi ile, nyumbani kwake Binza. Mtoto anayetambaa hakugeuka. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mifupa la bintiye Violeth, kitu kikakwaruza: kwaru, kwaru.

"Ni panya, mayu," Violeth akamwambia mama yake.

Panya gani, jamani, anayenuka udongo mbichi na mchwa?

Violeth alisomea mifupa ya kale. Kule Sola alifukua taya na gamba la mnyama wa namna ya kakakuona, ila mkubwa kama ndama, aliyekwisha duniani zamani sana. Akamtangaza kwa wataalamu kwa jina la mwanawe Matilda, kwa mapenzi tu. Na sheria yao ni hii: jina likishatangazwa halirudi, hukaa ndani ya mifupa ileile iliyolipokea.

Siku ya tatu Matilda akakataa kunyonya. Kila alipoitwa alikaa kama gogo, na sanduku likaitika, mchana kweupe, majirani wakichambua pamba uani, likaitika mara mbili, kwa sauti mbili, mpaka bibi akaogopa kabisa kulitamka jina la mjukuu wake, akawa anamwita kwa kupiga makofi kama mtu anayefukuza kuku.

Mzee Mashimba, mganga, akaja. Akanusa taya, akanusa gamba, akamnong'oneza Violeth: "Ng'wanone, hawa ni wawili. Hawakuzaliwa na mama mmoja."

Violeth akainamisha kichwa. "Nilijua, guku. Hata rangi hazikufanana. Nikawaunganisha ili nipate mnyama mmoja."

"Sasa wawili wanavutana jina moja, na mwenye nalo anakauka. Chagua."

Violeth akawaandikia wenzake: jina libaki kwa taya peke yake, gamba si la mnyama huyo. Mtoto akapakwa samli utosini, akapewa jina la marehemu mama yake Benedikta, Philomena. Jioni akanyonya hadi akacheua.

"Haka katamaliza maziwa ya Maswa nzima!" bibi akacheka.

Wiki nzima, kimya.

Jumapili Benedikta akakunjua gauni la kanisani. "Philomena!"

Mtoto akageuka, akacheka.

Na kabatini, Violeth alikolitupia gamba lisilo na jina, kitu kikakwaruza mara moja, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo mpya.