Kabichi za Nesta

Asubuhi moja ya Januari, Nesta aliwasha jiko la makaa, akapika uji wa shayiri, akamlisha mumewe kwa kijiko. Emrys alimeza kidogo tu, akageukia ukuta. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yake yalitoka vipande vipande.

"Kula basi, mume wangu."

"Si... sitaki."

Zamani Emrys ndiye aliyelima. Kijiji kizima kilizijua kabichi zake. Sasa Nesta alilima peke yake, na kwa miaka miwili kabichi zilinyauka kabla ya kufunga vichwa. Alipozing'oa, mizizi ilikuwa imevimba kama ngumi, nayo inanuka.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Hata hivyo Nesta alivaa mabuti, akachukua sepetu. Moyoni alisema, "Zikifa tena mwaka huu, basi. Nami nimekwisha."

Udongo ulinata miguuni. Kila bonge aliloligeuza lilizama tena majini. Mwishowe akaketi matopeni, akalia.

"We Nesta! Unalima au unafinyanga vyungu?"

Alikuwa Olwen, jirani yake, akichungulia juu ya ukuta wa mawe.

"Nicheke tu, Olwen. Mume wangu ananifia, na hata kabichi zinanifia."

Olwen akaacha utani. Akaingia langoni, akamshika mkono.

"Inuka, mwenzangu, utashikwa na kichomi. Na utoke hapo tutani. Udongo uliolowa hivi ukiukanyaga, unashikamana kama tofali. Mizizi itapumulia wapi? Ngoja mpaka ukifinya bonge mkononi, livunjike."

"Na ile mizizi iliyovimba? Tumelaaniwa?"

"Laana gani! Huo ni ugonjwa wa kabichi. Hukaa udongoni miaka mingi. Mwaka jana ulizipanda wapi?"

"Hapa hapa."

"Na mwaka juzi?"

"Hapa hapa, alipozipanda Emrys mara ya mwisho."

"Basi umeulisha ugonjwa, ukashiba! Mumeo alizihamisha kila mwaka. Hukumwona?"

Nesta akainamisha kichwa. Miaka yote hiyo yeye alizipika tu. Hakuwahi kumwuliza.

"Sasa nifanye nini?"

"Hapa tandaza samadi, ufunike kwa maboksi, mvua isiupige udongo. Baadaye utapanda maharage mapana. Hayo hayaupati ugonjwa huu. Yaanzishe sasa kwenye makopo, dirishani. Kabichi zipeleke kule mwisho wa bustani. Udongo wa kule ukikauka kidogo, nyunyiza chokaa, ugonjwa huu hauipendi. Lakini chokaa na samadi usivitie pamoja, vinaharibiana. Mizizi mibovu ichome, usiitupe kwenye mboji. Na mabuti yaoshe, usije ukauhamisha ugonjwa kwa miguu yako."

Nesta alifanya yote hayo. Lakini nyumbani hakukubadilika kitu. Theluji ilianguka. Emrys alizidi kukonda. Maharage yalichipua makoponi, naye hakuyatupia jicho. Siku nyingine Nesta aliyamwagilia huku machozi yanamtoka. Hakuwa na tumaini lolote. Aliendelea tu kwa sababu maharage yalikuwa na kiu.

Majira ya kuchipua yakaja, akayahamishia nje, na kabichi akazipanda kule mwisho wa bustani. Juni wakala maharage. Julai kabichi zikafunga, ngumu kama jiwe. Nesta aling'oa moja. Mizizi ilikuwa myembamba na safi. Akakimbia nayo ndani, udongo ukidondoka sakafuni.

"Emrys! Tazama!"

Emrys aliipapasa mizizi kwa mkono wa kushoto, muda mrefu. Kisha akaonyesha mlango. Nesta akamwita Olwen, wakambeba na kiti chake mpaka nje.

Akayatazama matuta. Akakunja uso.

"Ume... umezibananisha," alisema.

"Ha! Mgonjwa kapata mdomo!" Olwen akacheka.

Emrys hakumjali. Alikuwa akiyatafuta maneno, jasho likimtoka.

"Mwakani," akasema, "tu... tuziachanishe."

Nesta akaufunika uso kwa mikono yenye udongo. Tangu augue, Emrys hakuwahi kuutaja mwaka ujao.