Aliyeuacha Moto

“Afande, naomba kutoka.”

Habibu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kichwa chini. Mama yake, Bi Sikudhani, alikuwa anapepeta mchele. Akasimamisha ungo.

“Unamwambia nani afande?”

Habibu alishtuka, kisha akacheka. “Samahani, mama. Mdomo umezoea.”

“Toka, mwanangu. Toka, rudi, toka tena. Hapa kwenu.”

Mama alicheka naye, lakini kicheko hakikufika mbali. Akashika ncha ya kanga, akajifuta macho. Huko jikoni, mdogo wake Habibu, Faudhia, aliinamia moshi wa kuni apate kisingizio cha machozi yake.

Ilikuwa siku ya pili tangu Habibu arudi kutoka gerezani. Alikuwa amekaa miezi sita kwa kosa la kuchoma mikorosho thelathini ya jirani yao, Mzee Mohamedi, hapa hapa Narung'ombe. Ilikuwa mwezi wa tisa, korosho zimeanza kuanguka. Mzee mwenyewe aliungua mguu akipambana na moto kwa matawi. Kijiji kizima kilijua ni Habibu, maana alikiri mwenyewe mbele ya mtendaji.

Faudhia aliamini kuwa wanaoujua ukweli ni wawili tu, yeye na kaka yake.

Siku ile yeye ndiye aliyekuwa akichoma mabiwi ya takataka shambani kwao. Moto ulipolala, akadhani umekufa. Simu yake ikaita, ikakatika. Kule bondeni mtandao ni wa kubahatisha, hivyo akapanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, ndipo mahali pekee unaposhika vizuri. Akampigia Abdulatifu, mchumba wake, fundi pikipiki mjini Nachingwea, mtoto wa Mzee Mohamedi huyo huyo. Waliongea habari za harusi mpaka wakachagua rangi ya sare. Alipogeuka, upepo ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

Jioni watu walipofuata majivu hadi shambani kwao, Habibu alitoka mbele. “Nimechoma mimi.” Akamnong'oneza dada yake, “Wewe nyamaza. Una harusi mwezi wa kumi na mbili. Mimi sina cha kuharibika.”

Na yeye akanyamaza.

Sasa Habibu aliingia jikoni, akachungulia chungu.

“Ugali gani huu wa kulisha kuku? Kule nilikuwa nasonga wa watu mia mbili. Mwiko wenyewe kama mpini wa jembe.”

“Kaka, nataka kusema.”

“Kusema nini?”

“Unajua.”

“Nimekaa kule miezi sita ili usiseme. Ukisema leo, mimi nilikuwa nafanya nini?”

“Hiyo harusi uliyoilinda haipo.”

Habibu aliacha kucheka. “Haipo vipi?”

“Mzee Mohamedi alisema haozeshi mtoto wake kwenye nyumba ya wachoma mashamba. Siku ya tatu tu baada ya wewe kuchukuliwa, mshenga akaja kuvunja posa. Mama alinikataza nisikwambie, usije ukaumia zaidi.”

Habibu alikaa kwenye kigoda. Akaokota kijiti, akakivunja, akavivunja na vipande vyake.

“Kwa hiyo nimefungwa bure,” akasema.

Kabla Faudhia hajajibu, simu ililia kidogo. Ujumbe wa Abdulatifu: “Nasikia kaka ametoka. Niko njiani. Usiniambie nisije.”

Haikupita nusu saa pikipiki ikazimwa uani.

“Shikamoo, mama.”

Bi Sikudhani alimwangalia kuanzia viatu. “Marahaba. Umekuja kutazama kama amerudi na viungo vyote?”

“Nimekuja kumwona.”

“Basi mwone. Chai hakuna.”

Birika lilikuwa linachemka, wote wanalisikia.

Abdulatifu alikaa kwenye mkeka, akamgeukia Habibu. “Kaka, nimekuja kukuomba radhi.”

“Wewe? Mimi ndiye niliyechoma shamba lenu.”

“Hukuchoma.”

Ungo ulitulia tena.

“Siku ile nilikuwa naongea na Faudhia kwenye simu,” Abdulatifu aliendelea. “Nilimuuliza mbona unahema. Akasema ametoka kuchoma mabiwi, moto ameuacha umelala. Nikamwambia achana na mabiwi, tuongee. Tukaongea karibu saa nzima.”

Faudhia aliweka mwiko chini. Akatoka jikoni, akasimama mbele yake.

“Ulijua?”

“Tangu jioni ile.”

“Miezi yote sita ulijua?”

“Nilisubiri useme wewe. Kila siku nasema leo atasema, kesho atasema. Na nikisema mimi, wanakufunga wewe.”

“Kwa hiyo ukakaa unanitazama.”

“Kama wewe ulivyokaa ukamtazama yeye.”

Mama aliweka ungo chini. Akamgeukia binti yake.

“Faudhia. Kila nilipokwenda kumwona mwanangu, wewe ndiye uliyenifungia sabuni na mswaki kwenye mfuko. Mkono haukutetemeka?”

“Ulitetemeka, mama.”

“Mimi nikadhani ni uchungu wa posa.”

Mama aligeuza uso, akatazama ukuta. Faudhia alitamani apigwe. Kofi lingekuwa nafuu.

“Nyie wawili mnafaana,” Habibu akasema taratibu. “Wote mabingwa wa kunyamaza. Mkioana nyumba yenu itakuwa tulivu sana.”

“Kaka, tufanye nini?”

“Nendeni mkaseme kwa mzee. Sasa hivi. Mimi siendi. Kwa niaba yenu nimeshakwenda mara moja.”

Walipita katikati ya shamba bila kusemeshana. Mikorosho ilisimama myeusi, haina jani, nyasi za masika zimepanda hadi kiunoni. Mzee Mohamedi alikataa isikatwe. Alitaka kila apitaye aone alivyotendwa.

Walimkuta barazani akichonga mpini, mguu wenye kovu ameunyoosha.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Na wewe, Faudhia, umefuata nini kwangu?”

Faudhia hakuwa msemaji hata siku za furaha. Alitazama kovu lile, akasema kwa pumzi moja, “Baba, ule moto ni wangu. Habibu hakuwepo. Alikuwa Mandawa msibani, alirudi akakuta kumeshaungua.”

Panga likasimama juu ya mpini.

“Uliuleta kwa kusudi, au uliuacha?”

“Niliuacha. Nilikwenda kuongea na simu.”

“Na nani?”

“Na mimi,” alisema Abdulatifu.

Mzee aliwatazama kwa zamu, akacheka kicheko kikavu kisicho na raha. “Kumbe adui niliyekuwa namtafuta kwa jirani nimemnunulia simu mwenyewe.”

“Kama unataka kunipeleka polisi, baba, nitakwenda,” Faudhia alisema.

“Polisi kufanya nini? Kwa moto huo mtu ameshafungwa.” Akalifuta panga kwa kidole. “Yule kijana nilimtemea mate. Siku anapandishwa kwenye gari. Mama yake yupo pale, anaona.”

Aliweka panga chini, akashika fimbo.

“Baba, unakwenda wapi?”

“Kwa mtu niliyemkosea.”

Alichechemea shamba zima bila kukubali kushikwa mkono. Alipofika uani kwa Bi Sikudhani, Habibu aliinuka, mikono ikajipeleka nyuma yenyewe.

“Usisimame hivyo,” mzee alisema. “Wa kusimama hivyo ni mimi.” Akavua kofia. “Mwanangu, nilikutemea mate.”

“Nilishajifuta, baba.”

Habibu akamsogezea kigoda chake.

Mzee akaketi, akaunyoosha mguu. Kisha akamgeukia mama. “Sikudhani, mimi ndiye niliyevunja ile posa. Kama mtaridhia, namrudisha mshenga.”

“Habari za harusi sitaki kuzisikia leo,” Bi Sikudhani alijibu. “Mwanangu ana siku mbili tu nyumbani. Bado ananiita afande.”

Wote wakamtazama Habibu. Yeye ndiye aliyelipa kwa miezi sita, neno ni lake.

“Mama ana haki,” alisema. “Ile mikorosho ikatwe, tuone kama mizizi ina uhai. Ikichipua, mshenga aje. Isipochipua, kila mtu ashike njia yake.”

“Na ukichipua mmoja tu?” Abdulatifu aliuliza.

“Mmoja unatosha kuanzia.”

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala Abdulatifu alikuja kutoka Nachingwea. Waliikata mikorosho kwa msumeno wa mikono miwili, Faudhia upande huu, yeye upande ule.

“Vuta.”

“Navuta.”

“Mbona unavutia kwako tu?”

“Na wewe vutia kwako, Faudhia. Ndivyo unavyokata.”

Mwanzoni hawakusema zaidi ya hayo. Ijumaa ya tatu Faudhia alimwambia anavyoota kila siku mlango wa gereza. Abdulatifu akasema na yeye huuota, ila kwake funguo zipo mfukoni. Ijumaa ya nne Bi Sikudhani aliwafuata shambani na birika.

“Leo chai ipo,” alisema, akaondoka.

Visiki thelathini vilikaa vikavu. Mwezi wa nne ukaisha. Abdulatifu hakuuliza tena, na Faudhia akazoea kupita pale bila kutazama chini. Ni Habibu aliyekuja mbio asubuhi moja, kandambili mkononi.

“We mtoto, twende! Kisiki cha pale mpakani!”

Palepale moto wao ulipovukia, ubavuni mwa kisiki, palikuwa na majani matatu madogo, mekundu, laini kama sikio la mtoto.

“Kaka?”

“Mpigie. Mwambie mshenga aje amevaa vizuri, mama hapendi mtu mchafu.”

Faudhia alirudi nyumbani mbio. Jikoni moto wa uji ulikuwa bado unawaka. Aliumwagia ndoo ya maji, akaongeza ya pili. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya majivu, akasubiri hadi akahisi ubaridi. Ndipo akapanda kichuguu.

“Abdulatifu, umechipua.”

Sauti yake ikaja imejaa. “Mbona unahema? Moto umeuachaje?”

“Nimeuzima. Nimeugusa kwa mkono.” Alikaa chini juu ya kichuguu, akavuta kanga magotini. “Sasa sema, nakusikiliza.”