Barua Niliyoiandika kwa Kimatengo

Nina umri wa miaka hamsini na tisa, mstaafu, nimerudi kuishi hapa Mbinga mjini. Majirani huniamkia "Shikamoo mama mlezi" na kunisifu kwamba nililea watoto wa watu chuo kikuu. Naitikia marahaba... na moyoni nasema, laiti wangejua!

Wasomaji wenzangu, mtoto mmoja nilimuua kwa kalamu.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupishana na magari yao Umatengoni, mimi nilikuwa mlezi wa bweni katika chuo kikuu kimoja mbali na huku. Ukimwi ulikuwa umetuingilia. Ndani ya mwaka mmoja tulimzika dereva, karani wa kitivo na wanafunzi wawili, na kila msiba tuliambiana kuwa ni malaria. Dawa za kurefusha maisha hatukuwa nazo. Chuo kikaniteua niwe mmoja wa washauri wa wagonjwa, wanafunzi na wafanyakazi pia. Kazi yetu ilikuwa kuwatafutia maziwa, kuwaombea ruhusa ya kuahirisha mitihani, kuwasikiliza, na juu ya yote kufunga midomo.

Ndipo akaja Oswin, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana wa kijiji jirani na chetu, kule juu karibu na Litembo. Hatukuwa ndugu wa damu, lakini ugenini mtu wa kwenu ni ndugu, akaniita shangazi. Alipopata majibu ya kipimo alinijia mimi wa kwanza. Alilia... nikalia naye. Aliniomba kitu kimoja tu: kwao wasijue mpaka amalize shahada. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja, na mama yake alikuwa akihangaika na mibuni peke yake tangu baba afariki. Nikamwapia.

Sasa nikiri. Oswin alikuwa mbishi. Nikimwita kwenye ushauri haji, nikimpelekea maziwa anawagawia wenzake. Alipoanza kukohoa nikaingiwa na hofu. Akinifia mikononi, nitawaambia nini watu wa kwetu? Watasema mtu wao alikuwepo, akanyamaza! Nilitaka mzigo utoke kwangu. Huo ndio ukweli, siupambi.

Likizo ndefu ilipokaribia nikamwandikia mama yake barua. Na nilijiona mjanja! Niliiandika kwa Kimatengo, lugha ya kwetu, ili hata ikifunguliwa na matarishi wa chuo au watu wa posta, wasiambulie neno. Nikaituma kwa sanduku la posta la parokia, kama barua zote za kwetu.

Jamani, niliwaficha wasiohusika! Mimi niliyezaliwa kule, niliyewasomea bibi zangu barua nikiwa darasa la sita, nilisahau nini? Mama Oswin hakujua kusoma. Barua za parokia husomwa na katekista, nje ya kanisa, baada ya misa. Tena barua ya chuo kikuu haikuwa ya mama peke yake. Kijiji kizima kilimchangia Oswin nauli na sanduku la nguo, basi kijiji kizima kikakaa kwenye majani kusikiliza habari za mtoto wao.

Ingekuwa ya Kiswahili, katekista angeipitia kimya kwanza, apate kuwatafsiria wazee. Hii aliisoma moja kwa moja, kwa sauti. Alipogutuka, neno lilikuwa limeshatoka, na hata vikongwe wasiojua Kiswahili walilielewa...

Oswin alifika kwao wiki mbili baadaye, hajui lolote. Watu walimsalimia kwa mbali. Vijana walinong'ona kwamba msomi amekanyaga miwaya, yaani ameupata Ukimwi. Baba yake mkubwa akaamuru apewe sahani yake na kikombe chake, akalale kwenye banda la kahawa. Jumapili alipoketi kanisani, benchi zima likabaki la kwake.

Hakurudi chuoni! Aliteremka ziwani, akapanga chumba Mbamba Bay, mahali asipojulikana. Habari ziliponifikia, nilimfuata. Nilimkuta akianika usipa wa mwenye nyumba ili apate chakula cha siku. Nilipiga magoti pale mchangani, nikaomba msamaha kwa Kimatengo, kwa Kiswahili, kwa kila lugha niliyonayo. Hakunigombeza.

"Shangazi," alisema, "ugonjwa ningeuvumilia. Hata mtihani ningeufanya nikiwa nao."

Kisha akaendelea kugeuza vile visamaki. Alifariki kabla wenzake hawajavaa majoho.

Siku ya mazishi mama yake alinivuta nyuma ya nyumba. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Alinishika mkono, akaniuliza kwa upole kama likizo ile mimi pia nilikuwa nayo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mabasi ya Mbinga yalikuwa hayatembei. Nikasema yalitembea.

"Ungekuja ukaninong'oneza mimi tu," alisema, "ningemficha mwanangu."

 

Ninyi mnaolea vijana vyuoni, na ninyi mnaowahudumia wafanyakazi wenzenu, magonjwa mengine yatakuja. Nawasihi, msipite nilipopita! Siri ya mgonjwa ikikulemea, mwambie yeye mwenyewe kwamba imekulemea. Mimi nilichoka kuibeba, nikajiambia kwamba nasaidia.