Kuko Wazi, Pita

Asubuhi hiyo rubani alishukuru kabla hajapewa kitu.

"Asante, Dada, nimekusikia. Naingia," ilisema redio ya upepo. Jicho, aliyekuwa na kikombe mkono mmoja na chupa ya chai mkono wa pili, aliitazama redio ile kama mtu anavyoutazama mlango uliofunguka wenyewe. Alikuwa hajasema neno.

Na kazi yake ilikuwa kusema tu. Kampuni iliwarusha watalii kwa helikopta kutoka kituoni bondeni hadi upande wa pili wa mlima, wakaone barafu, wapige picha, warudi midomo imepauka wakiapa kwamba hawajawahi kuona kitu kama kile. Njia ilikuwa moja tu: Pengo, ufa kati ya majabali mawili. Kama ufa huo una wingu, rubani hawezi kujua mpaka awe ameshaingia kwenye korongo, na humo helikopta haina nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo kwenye bega la mlima kikajengwa kibanda cha mabati, akawekwa mtu wa kuliangalia Pengo na kusema moja kati ya mawili, "Kuko wazi, pita," au "Kumefungwa, rudi." Vyombo vya kupimia vilikuwemo ndani ya helikopta, vya bei mbaya, lakini marubani walimwamini yeye, ndiyo maana kituo kizima kilimwita Jicho. Aliyemwamini kupita wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Kipanga, ambaye mama yao alimpata akiwa ameshakata tamaa ya mtoto wa kiume, na ambaye hadi leo alikuwa akitengewa minofu kana kwamba dada mtu hana meno.

Jicho akabonyeza redio. "Kipanga, nani kakwambia upite?"

"Si wewe? Dada, kunywa chai kwanza."

Akachungulia nje. Pengo lilikuwa wazi kabisa, halina hata wingu. Akajiambia labda amesema bila kujijua, watu wanaokaa peke yao huongea ovyo, akalimeza hilo pamoja na chai yake.

Kisha homa ikamlaza. Aliamka hawezi hata kusimama, akamtumia meneja ujumbe kwenye simu kwamba leo hakuna wa kuangalia Pengo, wasiruke. Jioni mama yao alimpigia Kipanga, ambaye msimu wa watalii hulala kituoni, aje amwone dada yake. Kijana akaingia na machungwa, anacheka.

"Mgonjwa gani, Mama, ambaye mchana kutwa tumeongea naye? Kanitania mpaka kitambi changu." Akamwona dada yake chini ya blanketi, macho mekundu. "Umeshuka saa ngapi?"

"Sijapanda," alisema Jicho.

"Mwenzio hajatoka kitandani," mama alisema. "Nimemkanda kwa mikono yangu hii."

Kipanga akaweka machungwa mezani polepole. Akatoa simu yake, akampigia meneja, akauliza kuhusu ujumbe. Meneja alisema hajaona ujumbe wowote, tena kwa nini wasiruke siku nzuri kama ile. Kijana akakaa pembeni ya kitanda, akashika mguu wa dada yake juu ya blanketi, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nimeongea na nani?"

Mama, ambaye ana jibu la kila kitu, alichukua chungwa akaanza kulimenya.

Alipopata nafuu Jicho akapanda tena, roho mkononi. Siku hiyo kibanda kilimpokea kwa harufu ya nywele zilizoungua. Hakukuwa na jiko wala moto. Harufu ikazidi, redio ikaanza kupumua, pumzi nzito kama ya mtu aliyetoka kupanda, halafu akajisikia mwenyewe akisema, "Kuko wazi, pita." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake cha ile homa kikiwemo ndani. Akabonyeza kumwambia mdogo wake asisikilize, lakini kwenye redio ya upepo watu wawili wakibonyeza kwa pamoja anasikika mwenye nguvu, na mwenye nguvu hakuwa yeye.

Pengo lilikuwa wazi. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Siku zote ile sauti ilisema kweli.

Alikwenda kwa meneja, akamweleza waziwazi. Meneja, mtu wa shati safi na usemi wa biashara haigombi, alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, mimi nimwambie nini mwenye kampuni? Kwamba kuna jini linatupa taarifa sahihi za hali ya hewa? Bila mshahara?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Pumzika kidogo, ukitaka. Tutaweka mwingine."

Jicho alirudi nyumbani na hasira. Kuacha kazi ilikuwa rahisi. Lakini akiacha, anayebaki pale juu akisema kwa sauti yake ni nani? Na Kipanga akiacha, ataruka rubani mwingine, naye ana mama yake.

Mama ndiye aliyemleta mganga, mtu mfupi mwenye viatu vya mpira, aliyepanda mlima akilalamikia magoti njia nzima. Pale kibandani aliyasahau magoti. Alinusa mabati, akaweka sikio kwenye redio iliyozimwa, akalitazama Pengo na ule uwanja mdogo ambao kampuni iliusawazisha chini yake ili watalii washuke kupiga picha.

"Hata kwa jirani mtu hupiga hodi," alisema. "Ninyi kila siku mnashuka uani kwa mwenyewe na mingurumo."

"Mfukuze basi, mzee wangu," alisema Jicho.

"Nimfukuze aende wapi? Hapa ndipo kwao." Akafunga mfuko wake bila kutoa kitu. "Wengine hutaka damu, wengine hutaka nyumba. Huyu anataka kuaminiwa. Jini akisema kweli kila siku, mwanangu, ujue anaweka akiba. Nduguyo asiisikilize sauti yako tena. Mtafute njia isiyo na sauti."

Njia waliitafuta wawili, jikoni kwa mama, wakinong'ona. Bega la mlima huonekana kutoka mbali, kabla ya korongo. Pengo likiwa wazi, Jicho atammulika kwa kioo cha kujitazamia. Likifungwa, hatamulika. Redio iseme itakavyo. Kipanga ndiye hutangulia kila siku, akirudi yeye wengine hawaruki.

"Usipoona kioo, rudi," alisema Jicho. "Hata nikikulilia kwenye redio kwamba pita."

"Na siku isiyo na jua?"

"Singizia injini."

"Meneja atanifukuza."

"Afadhali ufukuzwe. Niahidi, mdogo wangu."

Akaahidi. Na kioo kikafanya kazi. Siku za jua Kipanga alipita, siku za mawingu injini ikaugua, meneja akanuna, na ile sauti ikaendelea na kweli zake kana kwamba haina habari. Jicho akaanza kulala usingizi. Mama akaanza kuimba jikoni.

Kisha ikaja siku ambayo jua liliwaka begani na wingu likajaa Pengoni, zito, limeziba jabali hadi jabali. Jicho akakikumbatia kioo, uso wa kioo ukalala kwenye sweta. Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia. Helikopta ilisikika kwa mbali.

"Kuko wazi, pita," ilisema sauti yake, kwa uchangamfu.

Hakujisumbua kubonyeza. Alikaza kioo kifuani, akangoja mlio wa kugeuka. Redioni, nyuma ya Kipanga, bibi mmoja wa watalii alikuwa akiuliza kama mkanda wake umefunga sawasawa, na Kipanga akamjibu kwa upole kwamba umefunga, bibi yangu, tulia.

Kisha akasema, "Nimekiona kioo, Dada. Kinawaka vizuri. Naingia."

Jicho akainamisha macho, akakiona kioo kipo pale pale mikononi mwake, mgongo mweusi wa kioo ukiwa nje, akabonyeza redio akasema rudi, rudi mdogo wangu, si mimi, na kila alilosema likatoka redioni limegeuka kuwa kicheko chake mwenyewe, akatoka nje akivua sweta na kulipunga, akipiga kelele ambazo mapanga ya helikopta yalizimeza, akaiona ikipita chini yake karibu kabisa, mikono ya watalii ikimpungia kupitia vioo, wanadhani anawasalimia, ikaingia kwenye korongo, ikaingia kwenye wingu, na mlio ukawa mzito, ukawa mwingi, ukagonga majabali, ukakatika.

Alisimama pale. Wingu halikutikisika hata kidogo.

Ndani ya kibanda redio ilipumua. "Kituo, Jicho hapa. Kipanga amepita salama. Kuko wazi. Mleteni wa pili."

"Asante, Jicho," alijibu meneja. "Leo unasikika vizuri kuliko siku zote. Wa pili anapakia sasa hivi."

Akairukia redio, akabonyeza, akalia jina la mdogo wake na jina la Mungu, na kutoka kituoni hakujibu mtu. Akampigia meneja simu, nayo ikapumua vilevile. Akaanza kukimbia kushuka mlima, miguu peku, akianguka na kuinuka. Kibanda kilikuwa bado kinaonekana nyuma yake aliposikia, kule chini bondeni, helikopta ya pili ikiwashwa.