Kiti cha Wateja

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, na cherehani ikaendelea kushona. Mishono mitatu tu, kisha ikasimama. Akacheka peke yake, akasema chuma nacho kinazeeka.

Hakutaka kuharibu siku yake. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, mume amekwama kazini, na binti yao wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa jinsi asivyonyamaza, alikuwa kwa shangazi yake nyumba ya tatu. Fundi alikuwa na chai yake, gauni lake la kupinda, mawazo yake, na hakuna wa kumwita mama. Alifurahi, tena alifurahi kupita kiasi.

"Laiti Redio ingezimwa hata mwezi mmoja," akasema kwa sauti, akipuliza chai.

Mlango ukagongwa. Mafundi wana tabia moja mbaya: pini zimejaa mdomoni, macho yako kwenye sindano, anayekuja hukaribishwa bila kutazamwa.

"Karibu, kaa hapo," akasema kwa pembe ya mdomo.

Kiti cha wateja kikalia. Alipomaliza pindo akainua macho. Hakukuwa na mtu, ila mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na sakafuni, pamoja na mvua yote ile, hakukuwa na hata tone la maji.

Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia puani.

"Mama," kiti kikaita, kwa sauti ya Redio.

"We mtoto, umejificha wapi?"

"Mama, si ulitaka nizimwe?"

Akabaki anautazama ule mto ukibonyea na kuinuka, ukibonyea na kuinuka kama kifua cha mtu aliyelala, hadi mlango ukafunguliwa na wifi yake akaingia amelowa chapachapa, akimvuta Redio kwa mkono.

"Wifi, huyu mtoto ana nini?" akanong'ona. "Alikuwa ananihadithia vizuri, ghafla sauti ikakatika."

Redio alikuwa analia, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, na hapakusikika kitu. Kilio chenyewe kilitoka kitini.

Wifi akakimbia kumwita mganga wa mtaa wa pili. Mganga alikuja, akagoma kuvuka kizingiti.

"Nani alimkaribisha?" akauliza polepole.

"Mimi."

"Basi mimi sina nguvu juu yake. Mtoe kwa mdomo wako kabla mvua haijakatika. Ikikatika akiwa ndani, atachukua na pumzi ya mtoto."

"Na sauti ya mwanangu?"

Mganga akatazama viatu vyake. "Alichokwisha kushika huondoka nacho."

Midomo ya Redio ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mvua ilikuwa inapungua.

"Toka," mama yake akasema, machozi yakimtiririka. "Toka nyumbani kwangu."

Kiti kikalia. "Mama, nje kunanyesha," sauti ikasema ikipita karibu na sikio lake, ikatoka mlangoni, ikaanza kulia, na ikaenda ikilia barabara nzima, mama, mama, nimekosa nini mama, hadi isisikike tena.

Mvua ikakatika. Redio akavuta pumzi. Nyumba ikawa kimya, kimya kile kile alichokitamani.

Fundi hatii tena pini mdomoni. Lakini kila inaponyesha huacha kazi, akakaa karibu na mlango, na haipiti muda sauti ndogo huja nje na kusema, "Hodi, mama. Nimelowa." Midomo yake hufunguka ili imkaribishe. Hapo Redio, ambaye naye anaisikia, humrukia mapajani na kumziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na hamwachii mpaka mvua iishe.